Kutoka posho mpaka malewa: nani amelisha Lubumbashi?



Saa ya midi, pita kando ya soko Mzee Kabila, ao karibu na gare, ao fasi yoyote wanajenga nyumba mu Lubumbashi. Utakuta bashi moja ya plastiki, benchi mbili za mbao, mbabula na makala, masufuria tatu. Mama anakata bukari, anaweka sombe, juu yake kipande cha samaki Thomson. Njo malewa. Fundi, mwalimu, mutu wa taxi na mwanafunzi wanakaa benchi moja.

Sisi wenye diplome tunakula pale karibu kila siku. Lakini mugeni akituuliza fasi ya kula, tunamutajia restora yenye vitambaa ku meza. Malewa tunaiona kama haya, kama alama ya crise. Katika andiko hili nataka kuonyesha kitu kingine: malewa iko na historia, na bila historia hiyo hatuwezi kuelewa muji wetu. Ilikua siku zile kampuni iliacha kulisha watu.

1. Muji uliokula posho

Lubumbashi ilianza 1910, na jina la Elisabethville, mwaka ule ule reli ilifika kutoka Rhodesia. Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa imeundwa 1906, na shaba ya kwanza ilitoka 1911. Shida ya kampuni haikuwa shaba tu. Ilikuwa watu, na chakula cha watu hao. Wakulima wa karibu hawakutosha kulisha maelfu ya batumikaji. Basi bunga ya mahindi ilipanda treni, sehemu kubwa ikitoka Rhodesia.

Batumikaji nao walitoka mbali: Rhodesia ya Kaskazini, Lomami, Kasai, kisha Ruanda-Urundi. Wengine kwao walikula muhogo, wengine mutama, wengine ndizi. Kampuni iliwapimia wote bunga. Leo ukiuliza mutoto wa Kamalondo ao wa Katuba chakula cha kwao ni nini, atajibu bila kufikiri: bukari. Anasema kweli. Lakini ile «kwetu» yake ilipimwa kwanza kwa kilo ku magazini ya kampuni.

Mwisho wa miaka ya 1920, Union Minière ilibadilisha namna. Badala ya kuleta wanaume peke yao kwa miezi kidogo, iliwapa kontra ya miaka mitatu na kuwaacha walete bibi na watoto. Posho ikahesabu pia bibi na watoto. Kampuni ilijenga nyumba, hospitali, masomo, na foyer social, fasi bamama walifundishwa kushona, kupika na kulinda nyumba. Mwanamume njo alikuwa na kazi, mwanamuke alitunza kile posho ilileta. Inje ya kampi, mu cité, maisha ilikuwa ingine: kule watu walinunua chakula chao na feza yao. Lakini ku kampi, tumbo lilikuwa jambo la kampuni.

Tusisifu sana zamani zile. Anayekulisha anakushika pia. Mu Desemba 1941, wakati wa vita, bei zilipanda na mushahara haukufuata. Batumikaji wa Elisabethville waliacha kazi, wakakusanyika ku uwanja wa mupira wa miguu, na askari wakawapiga risasi. Watu wengi walikufa. Posho ilikuwa na upande huo pia.

2. Siku baba aliacha nyumba

Serikali ilichukua Union Minière 1967, na baadaye tukaijua kwa jina la Gécamines. Bwana mupya, lakini desturi ile ile: nyumba, hospitali, masomo, bunga. Mu miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka.

Kisha ikaanguka. Mu Septemba 1990 mugodi wa Kamoto ulibomoka. Mwaka wa 1991 kulikuwa kupora maduka na makampuni. 1992 na 1993, ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, na kati yao walikuwa batumikaji wengi wa Gécamines. Kufikia 1994, shaba iliyotoka ilikuwa chini ya tani 50,000. Mushahara ulichelewa miezi, kisha miaka. Mwaka wa 2003 batumikaji zaidi ya 10,000 waliachishwa kazi kwa mupango ulioitwa «departs volontaires», na wengi wao mpaka leo wanauliza hiyo «volontaire» ilikuwa ya nani.

Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Université de Lubumbashi aliandika kitabu juu ya familia hizo. Kilitoka 2001, na jina lake linasema yote: «Bana Shaba abandonnés par leur père», maana yake bana Shaba walioachwa na baba yao. Baba huyo ni kampuni.

Sasa swali la historia: baba akiacha nyumba, nani analisha watoto? Mama. Wale bibi waliofundishwa kukaa nyumbani walitoka barabarani. Wengine walilima, wengine waliuza mikate na makala, wengine walibeba masufuria ya nyumbani wakapikia watu wa inje. Kile walichofundishwa kwa ajili ya nyumba ya mutumikaji, sasa kililisha mutumikaji, jirani yake na watoto wa wote wawili. Jina lenyewe, malewa, limetoka Kinshasa, mu Lingala, na mwaka wa 2009 Werrason aliliweka hata ku albamu yake, «Techno Malewa». Jina ni la Kinshasa, lakini njaa iliyojaza benchi zetu ilikuwa ya hapa hapa.

Na sisi wa chuo kikuu tumo. Wakubwa wetu wa wakati wa UNAZA walikula ku restora ya kampusi. Leo mwanafunzi anakula kwa mama.

3. Kazi yenye hesabu

Wengi wanasema malewa ni kujitafutia tu, hakuna akili ndani. Angalia vizuri. Mama ananunua bunga kwa meka, samaki kwa vipande, makala kwa kiasi cha siku moja, juu hana friji wala akiba. Lazima sufuria iishe leo. Akipika nyingi, amepoteza mutaji. Akipika kidogo, mukiriya anaenda kwa jirani. Anajua mutu gani analipa mwisho wa mwezi, na deni liko ndani ya kaye. Feza kidogo ya siku inaenda ku likelemba, na zamu yake ikifika, analipa minerval ya mutoto. Kazi ya kujenga ikiisha fasi moja, naye anahamisha mbabula yake kufuata batumikaji.

Kupima chakula, kukopesha, kufuata watu fasi wanatumikia: njo kazi kampuni ilifanya zamani na makarani na treni. Mama anaifanya na kaye moja.

4. Sahani yetu na mupaka

Kitu kimoja hakijabadilika. Thomson anatoka bahari ya mbali, wengi Namibia, na anapitia Zambia ndani ya malori ya baridi. Bunga nayo, Zambia ikizuia isitoke, Kasumbalesa inanyamaza na bei inapanda Lubumbashi. Zaidi ya miaka 100 imepita tangu treni ya kwanza, na bado tunangojea bunga kutoka upande ule ule. Mama wa malewa njo wa kwanza kujua: anapunguza ukubwa wa bukari mbele ya kuongeza bei, na sisi tunasema «huyu mama amekuwa muchoyo».

Kwa kumaliza

Mara kwa mara viongozi wanatoa amri ya kuondoa bauzaji kando ya barabara. Wanasema uchafu, na uchafu ni jambo la kweli: kolera inarudi kwetu kila mara. Lakini kolera haiogopi polisi. Inaogopa maji safi, choo na sabuni. Robine moja ku kila fasi ya malewa ingesaidia kuliko lori la kubeba masufuria.

Na sisi tulio na diplome tuko na deni. Ku maktaba zetu, TFC na mémoire juu ya Union Minière na Gécamines zimejaa. Juu ya bamama waliolisha muji kampuni ilipoanguka, ziko ngapi? Wengi wao wanazeeka, na zile kaye za deni zinawashiwa mbabula. Wewe unayetafuta sujet ya mémoire mwaka huu, sujet iko pale unakulia kila midi. Kaa kidogo kwa benchi, maliza bukari yako, uulize mama: alianza mwaka gani, na juu ya nini?