Klabu ya Mfuko Mmoja

Jiji la Mwanza lilikaa misimu minne bila kuwa na timu hata moja katika Ligi Kuu ya Tanzania Bara. Mbao FC na Alliance FC zilishuka pamoja mwaka 2020, na mpaka Pamba Jiji ilipopanda mwaka 2024, sisi wakazi wa Nyakato, Igoma, Mabatini na Kirumba tulibaki kuwa watazamaji wa mpira wa wenzetu. Jambo hili si dogo. Jiji hili ni la pili kwa ukubwa nchini, lina viwanja viwili vinavyojulikana, CCM Kirumba na Nyamagana, na lina vijana wanaocheza mpira kila jioni katika kila upenyo ulioachwa na nyumba. Ikiwa vipaji tunavyo na watazamaji tunao, tulikosa nini?

Jibu langu ni kwamba tulikosa klabu. Timu tulikuwa nazo. Timu ni wachezaji, kocha na jezi, na mtu mwenye fedha anaweza kuiunda kwa mwezi mmoja. Klabu ni chombo kinachobaki wachezaji wakiondoka, kocha akiondoka, na hata mfadhili akiondoka. Kwa jinsi ninavyoisoma historia ya mpira wa Mwanza, ni historia ya timu nzuri zilizotegemea mfuko mmoja.

Tuanze na Pamba, TP Lindanda, timu ya Wana Kawekamo. Ilitwaa Kombe la Nyerere mwaka 1989, ikawa bingwa wa Muungano mwaka 1990, na ikalitwaa tena Kombe la Nyerere mwaka 1992. Waliopata kuwaona akina George Masatu, Hussein Masha, Khalfan Ngassa na Nteze John hawahitaji kuelezwa na mtu maana ya kandanda safi. Mfuko wa timu ile ulitajwa katika jina lake. Katika Kanda ya Ziwa zao la pamba ndilo lililolipa ada za shule na kuezeka nyumba kwa bati, na tangu miaka ya 1950, enzi za Victoria Federation, ndilo lililovipa nguvu vyama vya ushirika. Si ajabu basi kwamba lililipa pia posho za wachezaji na nauli ya kwenda Dar es Salaam.

Msimu wa 1994/95 biashara ya pamba ilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Sitaki kuamua hapa kama hatua ile ilikuwa njema au mbaya kwa mkulima; hayo yana mjadala wake. Ninachosema ni kwamba mnunuzi binafsi aliyekuja na mizani yake na lori lake hakuwa na sababu yoyote ya kumlipa mshambuliaji wa kati. Ukiritimba ulipokwisha, fadhila zake nazo zikaisha. Pamba ikadhoofika, ikashuka daraja, na ikachukua zaidi ya miaka 20 kurudi. Wala haikuwa peke yake. RTC Kagera, Ushirika ya Moshi, Reli ya Morogoro na Bandari ya Mtwara zote zilikuwa timu za mashirika na vyama, na zote zilipotea katika ngazi ya juu. Mti uliokuwa ukizishikilia ulipoanguka, zikaanguka nao.

Wapo wasemao kwamba Pamba iliuawa na Simba na Yanga kwa kuwachukua wachezaji wake. Kuna ukweli ndani yake. Masatu, kwa mfano, alikwenda Simba, ile iliyofika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993. Lakini mchezaji kuondoka ni desturi ya mpira popote duniani. Swali la maana ni hili: anapoondoka anaacha nini nyuma? Siku zile aliacha kumbukumbu tu. Tangu mwaka 2001 kanuni za FIFA zinataka mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja hadi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, hadi asilimia 5 ya bei yake igawiwe klabu zilizomlea tangu umri wa miaka 12 hadi 23. Fedha hizo haziji kwa kudra. Zinamfuata mwenye kumbukumbu za usajili: jina, tarehe, msimu, saini. Klabu isiyotunza daftari hulea mtoto kwa faida ya wengine.

Baada ya Pamba tulijaribu njia nyingine. Toto African iliegemea undugu wake na Yanga. Ikashuka mwaka 2017. Mbao FC, iliyoanzishwa na wafanyabiashara wa mbao, ilitupa raha ambayo hatutaisahau: mwaka huo huo wa 2017 iliitoa Yanga katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, kisha ikafungwa na Simba 2-1 katika fainali kule Dodoma, baada ya muda wa nyongeza. Miaka mitatu baadaye ilikuwa imeshuka. Alliance ilikuja na wazo bora zaidi, la shule inayolea vijana kwa masomo na mpira kwa pamoja, lakini shule nayo ni mfuko mmoja, na Ligi Kuu inakula fedha nyingi kuliko ada.

Haya ya juu yanafanana sana na ya chini. Hapa Nyakato nimekuwa mtunza daftari wa timu ya mtaa kwa miaka mingi. Tulipata kuwa na mfadhili mmoja, mfanyabiashara, ambaye kwa misimu miwili alitununulia kila kitu: jezi, mipira, hata soda za mapumziko. Michango ya wanachama ikakoma, kwani nani atoe mia tano wakati mwenye nazo yupo? Siku alipokosana na viongozi kuhusu nani acheze namba tisa, alituma kijana na gunia, vikachukuliwa vitu vyote, pamoja na nyavu za goli. Timu haikufa, lakini ilitugharimu mwaka mzima kuwarudisha watu katika mazoea ya kuchangia. Kiwanja tulichokuwa tukichezea hatukukipata tena. Hakikuwa na hati kwa jina letu, na leo pana nyumba na gereji.

Sisemi kwamba mwenye fedha afukuzwe. Ujerumani, tangu mwaka 1998, klabu zinaruhusiwa kuendesha timu zao kama kampuni, lakini kwa kawaida wanachama hubaki na zaidi ya nusu ya kura. Hapa kwetu Simba ilipoamua mwaka 2017 kubadili mfumo, mwekezaji aliwekewa kikomo cha asilimia 49, na 51 zikabaki kwa wanachama. Maana yake ni kwamba mgeni anakaribishwa sebuleni, lakini funguo za nyumba hakabidhiwi. Hata mkataba wa Azam wa matangazo ya televisheni wa mwaka 2021, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10, ni neema kubwa kwa klabu zetu. Lakini nao una mwisho wake, na klabu iliyoula wote kwa mishahara itajikuta pale pale.

Ndiyo maana furaha yangu juu ya Pamba Jiji ina wasiwasi ndani yake. Timu imerudi kwa mkono wa Halmashauri ya Jiji, na mkono huo unastahili shukrani. Hata hivyo, halmashauri ina zahanati, madarasa na mitaro ya kuhudumia, na madiwani huchaguliwa kila baada ya miaka mitano. Siku baraza litakapoona kwamba dawa ni muhimu kuliko beki wa kushoto, litakuwa limeona sawasawa. Wakati huo Pamba itasimama juu ya nini?

Mzigo huo tunaweza kuanza kuubeba sasa, timu ikiwa bado inashangiliwa. Wakipatikana watu 10,000 katika jiji hili, mama wa sokoni, dereva wa daladala, mwalimu, mvuvi, na kila mmoja akatoa shilingi 1,000 kwa mwezi, ni milioni 10 kwa mwezi na milioni 120 kwa mwaka. Hazitoshi kuendesha timu ya Ligi Kuu. Zinatosha kununua kiwanja cha mazoezi chenye hati, kulea timu ya vijana na kumlipa mtunza kumbukumbu. Zaidi ya hayo, watu hao 10,000 watakuwa na haki ya kusomewa hesabu kila mwaka, na mtu aliyesomewa hesabu za kitu chake hakubali kife kimya kimya.