Chonga na Jaa la Chole

Kila mwenye mnazi katika kisiwa cha Chole amjua chonga. Ni mbawakawa mkubwa mweusi, mwenye pembe kichwani, arukaye usiku na kujipenyeza kileleni mwa mnazi hadi kuyafikia majani machanga yaliyo bado kukunjuka. Kuti lile likifunguka baadaye, huonekana limekatwa pembe pembe, mithili ya nguo iliyopitiwa na mkasi wa mshonaji asiyeijua kazi. Mdudu akiufikia moyo wa mnazi, mnazi hufa. Dawa ya tangu zamani ni waya wenye ncha iliyopindwa: mkwezi huutia tunduni, akamvuta chonga na kumwangusha chini. Kazi ya mkwezi huishia hapo, na hapo ndipo swali linapoanza. Chonga huyo atupwe wapi?

Jibu jepesi ni jaani. Jaa la nyumba hupokea kila kitu: makumbi, majivu, samadi ya mbuzi, makuti yaliyooza. Kwa mwanadamu jaa ni mwisho wa vitu, lakini kwa chonga ni mwanzo. Chonga jike hatagi mayai katika mnazi ulio hai. Hutaga ndani ya magogo ya minazi iliyokufa, katika samadi na katika takataka zinazooza. Mabuu hula uozo huo kwa miezi kadhaa kabla ya kugeuka mbawakawa na kuruka kwenda kutafuta mnazi. Mtoto hula wafu, mzazi hula walio hai. Basi atupaye jaani chonga ambaye miguu yake ingali ikicheza, au buu lililofukuliwa bustanini, hakumuua adui bali amemrudisha kwao. Wahenga walikwisha kusema: kikulacho ki nguoni mwako.

Uadui huu umekua pamoja na mashamba. Baada ya Kua, mji wa kisiwa jirani cha Juani, kuvamiwa na Wasakalava kutoka Bukini mapema katika karne ya 19, Chole ndiyo iliyokuwa makao ya matajiri na watawala wa visiwa vya Mafia. Minazi ilipandwa kwa safu, kwa jasho la watumwa. Wajerumani walipoitwaa Mafia mwaka 1890 waliweka serikali yao papo hapo Chole, wakakaa hadi 1913 walipohamia Kilindoni. Waingereza waliingia Januari 1915, na mwaka 1922 Mafia ikaunganishwa na Tanganyika. Bendera zilibadilika; mnazi na mbata yake vikabaki. Na penye minazi mingi, magogo ya minazi iliyokufa nayo hayakosekani.

Wajerumani hao hao waliitawala Samoa, mbali katika bahari ya Pasifiki. Mwaka 1909 mbawakawa wa jamii ya chonga, mwenye asili ya Asia, alionekana huko kwa mara ya kwanza. Wenyeji wakaamrishwa kukusanya wadudu na mabuu yao ili waangamizwe. Mikono ilichoka, wadudu hawakwisha. Waliokusanywa walikuwa wale walioonekana, ilhali kila gogo lililoachwa na kila rundo lisilopinduliwa lilikuwa likilea wengine.

Mabadiliko yalitoka kwa mdudu mfu mwenyewe. Mwaka 1963 mtaalamu wa Kijerumani, Alois Huger, akiwatafiti mabuu wa mbawakawa huyo Malaysia, aliona wakifa kwa ugonjwa usiojulikana. Chanzo chake kilikuwa kirusi. Mwaka 1967 kirusi hicho kikapelekwa Samoa. Mabuu yaliyokufa kwa maradhi hayo yalisagwa na kuchanganywa na unga wa mbao katika marundo yaliyoandaliwa makusudi. Mbawakawa walikuja kutaga kama ilivyo desturi yao, wakaambukizwa, kisha wakaruka kuupeleka ugonjwa kwa wenzao. Jaa lililokuwa susu la mdudu likawa mtego wake. Katika miaka ya 1980 njia hiyo ilijaribiwa dhidi ya chonga wa Afrika pia, huko Shelisheli na hapa Tanzania, ingawa matokeo hayakufikia yale ya Pasifiki. Chonga wetu amebaki kuwa kazi ya mikono.

Kazi hiyo ina adabu yake. Chonga hupondwa kwanza, ndipo hutupwa. Mabuu hupewa kuku, ambao huyashangilia. Gogo la mnazi uliokufa hupasuliwa na kuchomwa, wala haliachwi chini ya kivuli lioze taratibu. Jaa hupinduliwa mara kwa mara, kwani buu lililofichuliwa juani halina maisha marefu. Pipa la taka lenye mfuniko halibadili neno hili: likijaa, nalo humwagwa mahali fulani, na Chole ni kisiwa kidogo kisicho na gari la kuzibeba taka kuzipeleka mbali. Kisiwani kutupa ni kuhamisha tu.

Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoifikia Mafia, watu waliuangalia upepo. Lakini mnazi unaoangushwa na upepo una habari ya pili, ambayo huchelewa kufika. Gogo hulala kimya msimu mzima, na anayepita huliona kuwa kitu kilichokwisha. Hapo mwenye shamba ana miezi michache tu ya kulishika shoka, kabla ya vilio ndani ya gogo kuota mbawa na kupanda kwenye mnazi wa jirani yake.