Afya ya akili ya vijana wa London: utafiti wa DASH

Wataalamu wa afya ya jamii hutarajia kwamba kijana anayekulia katika umaskini, na anayebaguliwa kwa rangi yake, atadhoofika kiakili kuliko wenzake. Utafiti mkubwa ulioanza mjini London mwaka 2002 ulitoa picha tofauti.

Utafiti huo, ujulikanao kwa kifupi kama DASH, uliongozwa na Profesa Seeromanie Harding kwa ufadhili wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Wanafunzi zaidi ya 6,600 wa shule 51 za sekondari, wenye umri wa miaka 11 hadi 13, walishiriki katika awamu ya kwanza. Walikuwamo Wazungu wa Uingereza na wenye asili ya Karibiani, Nigeria na Ghana, India, Pakistan na Bangladesh, pamoja na nchi nyingine za Afrika. Wengi wao walifuatiliwa tena miaka mitatu baadaye.

Walijaza dodoso la maswali 25, lililotungwa na daktari wa akili Robert Goodman, kuhusu hofu, huzuni, utundu na uhusiano na wenzao. Dodoso hilo huonyesha dalili tu, halithibitishi ugonjwa.

Kilichowakinga

Ilibainika kuwa vijana wa jamii za wachache, licha ya wengi wao kuishi katika hali duni, walikuwa na afya ya akili sawa na ya wenzao Wazungu au hata bora zaidi. Si kwamba ubaguzi haukuwaumiza: waliosema wamebaguliwa, wavulana kwa wasichana, walikuwa na hali mbaya zaidi.

Kinga ilitoka kwa wazazi wenye upendo, mahudhurio katika nyumba za ibada na marafiki wa makabila mbalimbali. Lakini wazazi waliowabana mno watoto wao waliwadhuru, na hilo lilikuwa kweli katika jamii zote.

Utafiti mwingine, uliofanywa katika shule za mashariki mwa London na kuchapishwa mwaka 2008, uligundua kuwa wasichana wenye asili ya Bangladesh waliopendelea mavazi ya kwao walipata matatizo machache zaidi baadaye.

Kwa Waafrika wa Mashariki lipo pengo. Kundi la nchi nyingine za Afrika lilichanganya vijana wa lugha, dini na historia mbalimbali, aliyekimbia vita na ambaye wazazi wake walihamia kutafuta kazi. Aidha, dodoso lilijazwa shuleni, hivyo walioacha masomo hawakuhesabiwa.