Bastola ya Glock 17: Ubora na Udhaifu Wenye Chanzo Kimoja

1.0 Utangulizi

Mwaka 1982 Jeshi la Austria lilipokea rasmi bastola mpya na kuipa jina la P80. Mbunifu wake, Gaston Glock, alikuwa mhandisi mwenye kiwanda kidogo huko Deutsch-Wagram, karibu na Vienna. Kampuni yake, iliyoanzishwa mwaka 1963, ilijulikana kwa bidhaa kama fimbo za mapazia na visu vya askari. Haikuwa imewahi kuunda bastola. Hata hivyo, katika kipindi kisichozidi miaka ishirini silaha hiyo, iliyouzwa kwa jina la Glock 17, ilikuwa imewafikia polisi wengi wa Marekani na kubadili sura ya bastola za kiaskari duniani.

Tathmini nyingi za bastola hii huorodhesha sifa zake upande mmoja na kasoro zake upande mwingine, kana kwamba mambo hayo mawili hayahusiani. Insha hii inadai kwamba ubora na udhaifu wa Glock 17 vilitoka katika uamuzi mmoja wa mbunifu: kumpunguzia mtumiaji hatua za kufuata kabla ya kufyatua risasi. Aidha, inaonesha kuwa mjadala wa umma wa miaka ya 1980 ulikosea shabaha, kwa kuwa uliihofia plastiki badala ya kuhoji uhusiano wa silaha hiyo na mafunzo ya mtu anayeibeba.

2.0 Usuli: Mahitaji ya Jeshi la Austria

Kufikia mwaka 1980, Jeshi la Austria lilikuwa bado linatumia bastola ya Walther P38, muundo wa enzi za Vita Kuu ya Pili. Masharti ya kupata mrithi wake yalikuwa magumu. Bastola ilitakiwa itumie risasi za milimita 9 za Parabellum. Ifunguliwe kwa usafi bila zana. Isiwe na vipande zaidi ya 58. Isikwame zaidi ya mara 20 katika risasi 10,000 za kwanza. Na isijifyatue ikianguka kutoka urefu wa mita 2 juu ya bamba la chuma.

Masharti hayo yanaeleza mengi kuhusu muundo uliofuata. Yalitungwa kwa ajili ya jeshi lenye vijana wengi wanaotumikia kwa muda mfupi, ambao hawangepewa miaka ya kuizoea silaha yenye mambo mengi. Glock alijibu kwa bastola yenye vipande takribani 34 tu, ambayo kiunzi chake, yaani sehemu inayoshikwa na kubeba mitambo, kilifinyangwa kwa polima ya jamii ya nailoni. Hakuwa wa kwanza kutumia polima: kampuni ya Heckler & Koch ya Ujerumani ilikuwa imetoa VP70 mwaka 1970. Lakini VP70 haikuenea, hasa kwa sababu kifyatulio chake kilikuwa kizito mno. Kwa hiyo, upya wa Glock haukuwa katika polima peke yake, bali katika kuiunganisha polima na mtambo mwepesi kutumia.

3.0 Ubora wa Muundo

Ubora wa kwanza ni uzito. Bila risasi, Glock 17 ina takribani gramu 630, ilhali Beretta 92 ya kiunzi cha aluminiamu, ambayo Jeshi la Marekani liliichagua mwaka 1985, inakaribia gramu 950. Kwa askari anayevaa bastola kiunoni kutwa nzima, tofauti hiyo si ndogo. Polima pia haishiki kutu, na haiugandishi mkono kama chuma wakati wa baridi kali. Norway iliichagua bastola hii mwaka 1985, na Sweden ikafuata mwaka 1988.

Ubora wa pili, ulio mkubwa zaidi, ni usawa wa kifyatulio. Katika bastola nyingi za wakati huo, mvuto wa risasi ya kwanza ulikuwa mrefu na mzito, na wa zile zilizofuata ukawa mfupi na mwepesi. Askari alilazimika kujifunza mivuto miwili. Glock iliondoa tofauti hiyo. Iliondoa pia kizuizi cha usalama kinachosogezwa kwa kidole gumba, na mahali pake ikaweka vizuizi vitatu vinavyojifungua kifyatulio kinapovutwa na kujifunga kinapoachiwa.

Ubora wa tatu ni idadi ya risasi. Polisi wengi wa Marekani walibeba rivolva za risasi 6. Mapambano ya Miami ya tarehe 11 Aprili 1986, ambamo maofisa wawili wa FBI waliuawa, yaliwashawishi wakuu wengi wa polisi kwamba silaha hizo zimepitwa na wakati. Glock, yenye magazini ya risasi 17, ilikuwa imeingia katika soko hilo muda mfupi tu kabla.

4.0 Hofu ya Plastiki

Mwaka huohuo wa 1986 vyombo vya habari vya Marekani vilieneza madai kwamba bastola ya plastiki ingeweza kupita katika mitambo ya ukaguzi ya viwanja vya ndege bila kuonekana. Madai hayo hayakuwa na msingi: mtutu na sehemu ya juu inayoteleza ni vya chuma, na hivyo ndivyo vinavyobeba sehemu kubwa ya uzito wake. Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya mwaka 1988 dhidi ya silaha zisizoonekana katika mitambo hiyo, lakini Glock haikuguswa nayo. Hata hivyo, filamu ya Die Hard 2 ya mwaka 1990 iliendelea kusimulia habari za "Glock 7" ya kauri, silaha ambayo haikuwahi kuwepo. Hofu hiyo iliitangaza bastola kuliko tangazo lolote la kulipiwa, na ikayafunika maswali yaliyostahili kuulizwa.

5.0 Udhaifu wa Muundo

Swali kuu lilihusu kifyatulio. Mvuto wake wa kawaida ni takribani kilo 2.5, karibu nusu ya ule wa rivolva ambazo polisi walikuwa wamezizoea. Askari aliyekuwa na mazoea ya kuweka kidole juu ya kifyatulio cha rivolva alikuwa na nafasi ya kusahihisha kosa. Mwenye Glock alikuwa na nafasi finyu. Vizuizi vya ndani huilinda silaha inapoanguka, lakini havitofautishi kidole kilichokusudia na kidole kilichoteleza. Zaidi ya hayo, kabla ya kuifungua kwa usafi ni lazima kifyatulio kivutwe, hivyo anayesahau risasi moja ndani ya chemba hulipia kwa mlio, na pengine kwa damu.

Polisi wa Washington, waliopokea bastola hii mwaka 1988, ndio mfano unaojulikana zaidi. Uchunguzi wa gazeti la The Washington Post wa mwaka 1998 ulibaini zaidi ya matukio 120 ya kufyatuka kwa bahati mbaya katika miaka 10, na ukahusisha hali hiyo na uhaba wa mafunzo. Watetezi wa muundo walijibu kwamba bastola haikufyatuka bila kifyatulio kuvutwa. Jibu hilo ni kweli kiufundi, lakini halitoshi. Silaha iliyosifiwa kwa kuhitaji mafunzo machache ilihitaji nidhamu kubwa zaidi ya kidole, na idara zilizoinunua zilipokea sifa ya kwanza bila kugharimia sharti la pili. Kwa Polisi wa Jimbo la New York kampuni iliunda springi ya kuongeza uzito wa kifyatulio. Polisi wa Jiji la New York walitumia nzito zaidi, ya karibu kilo 5.4. Marekebisho hayo yalikuwa, kwa vitendo, kurudi nyuma kuelekea rivolva.

Kasoro nyingine zilikuwa ndogo zaidi. Mshiko mnene uliwasumbua wenye mikono midogo hadi toleo la nne la mwaka 2010 lilipoleta migongo ya kubadilishwa, na mwaka 2011 kampuni ililazimika kubadilisha springi za baadhi ya bastola za toleo hilo.

6.0 Hitimisho

Historia ya baadaye inathibitisha hoja ya insha hii. Uingereza iliichagua Glock 17 mwaka 2013. Mwaka 2017 Jeshi la Marekani lilipoiacha Beretta, lilichagua SIG Sauer P320, ambayo nayo ina kiunzi cha polima. Lakini toleo lililopokewa kwa jina la M17 liliwekewa kizuizi cha usalama cha kidole gumba. Plastiki iliyoogopwa mwaka 1986 haikuwa tena jambo la kujadiliwa, ilhali hatua moja ambayo Gaston Glock aliifuta ilirudishwa. Urahisi wa silaha, basi, haupimwi kwa idadi ya vipande vyake pekee. Hupimwa pia kwa kiasi cha makosa ya kibinadamu kinachoweza kuvumiliwa kabla risasi haijatoka.