Katibu wa Mbali na Nakala ya Mwenye Mali

Mwaka 1928 Kikuyu Central Association, chama kilichoanzishwa Fort Hall (Murang'a ya leo) miaka minne nyuma, kilikuwa na shida ambayo mwenye duka la pembejeo mjini Karatina anaielewa vizuri. Barua zilirundikana, Kiingereza kilihitajika, na viongozi hawakuwa na nafasi ya kushughulikia yote. Walimfikiria kwanza James Beauttah, mtumishi wa posta. Hakupatikana, na kazi ikamwendea Johnstone Kenyatta, aliyekuwa akifanya kazi katika idara ya maji ya manispaa ya Nairobi. Akawa katibu mkuu, akahariri gazeti la Muigwithania, na Februari 1929 akasafiri kwenda London kupeleka malalamiko ya ardhi. Kwa muda mrefu tangu hapo wanachama wa Nyeri, Murang'a na Kiambu walikuwa na katibu wasiyemwona. Walichanga pesa, wakazituma, wakasubiri barua, na nyingine kati ya hizo zilikuja kuomba pesa zaidi. Kwa hiyo mfanyabiashara anayetafuta msaidizi wa mtandaoni wa kujibu wateja, kupanga miadi na kuandaa ankara asidhani kwamba yeye ni wa kwanza kandokando ya Mlima Kenya kumlipa mtu wa mbali amshikie kalamu. Hoja yangu ni kwamba katika karne hii moja ya ukarani, aliyesalimika ni yule aliyebaki na nakala yake mwenyewe, akaweza kuisoma, na nakala hiyo ikagusa kila jambo lenye thamani. Karani anakaa wapi, na ni mtoto wa nani, ni maswali yanayofuata nyuma.

Karatasi ilifika Nyeri ikiwa na sura ya amri. Boma la Waingereza lilijengwa mwishoni mwa 1902. Wamisionari wa Consolata walitia mizizi miaka hiyohiyo, na Waskoti wakafungua Tumutumu mwaka 1908. Wasomi wa misheni hizo ndio waliokuja kuwa makarani, wakalimani na walimu. Lakini kwa kijana wa kawaida aliyeondoka kutafuta kazi, karatasi ya kwanza yenye uzito ilikuwa kipande, kilichowekewa sheria mwaka 1915 na kuanza kutumika baada ya vita. Ndani yake mwajiri aliandika mshahara, siku ya kuanza na siku ya kumaliza kazi, na asipotia sahihi ya kumwachilia, mtu huyo alipata taabu kuajiriwa kwingine. Yaani mfanyakazi alitembea na kumbukumbu shingoni, ndani ya kibweta cha bati, lakini wengi hawakuweza kuisoma wala kujibu kilichoandikwa. Kuwa na nakala mkononi hakutoshi ikiwa lugha yake ni ya mwingine.

Watu wa hapa walilielewa hilo mapema. Hata msituni, wakati wa vita vya Mau Mau, Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji ambaye kabla ya hapo alikuwa katibu wa tawi la Kenya African Union, alisisitiza barua, orodha na kumbukumbu za mikutano, na Karari Njama, mwalimu kwa kazi yake, akawa mwandishi wake. Maandishi yaliupa uongozi umbo. Ila nyaraka za msituni ziliponaswa zilimhudumia adui vilevile, jambo ambalo mwenye orodha ya namba za simu za wateja wake angefaa kulikumbuka kabla ya kuituma kwa mtu aliyemfahamu juzi.

Mfano mzito zaidi ni wa kahawa. Baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954 kuwafungulia mlango wakulima wadogo wengi, vyama vya ushirika vilienea Othaya, Tetu na Mathira, na kila kiwanda kikawa na karani kando ya mizani. Mkulima alileta matunda, karani akapima, akaandika kilo katika daftari la kiwanda na katika kadi au risiti ambayo mkulima alikwenda nayo nyumbani. Kwa utaratibu huo mdogo karani angeweza kuwa mgeni kabisa na bado mkulima akalala usingizi, maana kilo zake zimeandikwa pande mbili. Hapa mtu mwenye kumbukumbu atanikatiza: mbona basi wakulima wa Nyeri wamelalamikia malipo yao miaka nenda miaka rudi? Ana haki ya kuuliza. Kadi iliandika kilo tu. Haikuonyesha gharama za kinu, riba ya mkopo uliochukuliwa na chama, bei iliyopatikana mnadani Nairobi, wala makato yaliyotangulia kabla ya pesa kufika. Malalamiko yakahamia pale ambapo mkulima hakuwa na nakala. Baada ya sheria ya ushirika ya 1997 kupunguza mkono wa serikali, vyama vikubwa viligawanyika vipande vidogo. Ofisi ikasogea karibu na shamba, lakini ukaribu peke yake haukumfungulia mkulima vitabu vya hesabu.

Ndiyo maana siridhiki na ushauri unaotolewa kwa wepesi, kwamba mwenye biashara ndogo amchukue mpwa wake aliyemaliza chuo. Wanaoutetea huonyesha maduka ya Wahindi ya Nyeri na Nanyuki, ambako vitabu viliandikwa kwa Kigujarati na kushikwa na jamaa. Mfano ni mzuri, lakini unathibitisha jambo jingine. Baba wa duka aliweza kusoma kila mstari wa kitabu kile. Kijana alianza kaunta kabla ya kuruhusiwa hesabu. Na siri ililindwa na lugha ambayo wanunuzi wengi hawakuisoma. Undugu bila uwezo huo wa kusoma humpa mwenye duka karani ambaye ni vigumu kumwuliza, na vigumu zaidi kumfukuza.

Zikafuata enzi za ofisi za kupiga chapa, kisha saiba, ambako mtu alisimama nyuma ya mpigaji akiangalia barua yake ikiandikwa. M-Pesa ilikuja 2007, nyaya za intaneti za baharini 2009, mpango wa serikali wa Ajira Digital 2016. Leo ni kawaida kijana wa Nyeri kufanyia kazi mwajiri wa ng'ambo, na mwenye nyumba ya wageni Nanyuki kuhudumiwa na msaidizi aliye Kisumu. Anayetaka kumchagua vizuri atazame kwanza akaunti. Ukurasa wa biashara na barua pepe viandikishwe kwa jina la mwenye biashara, msaidizi apewe nafasi yake mwenyewe ya kuingia badala ya nenosiri la bosi, na pesa za Lipa na M-Pesa zisiwe na njia ya kupita kwake. Ampe kazi ya majaribio ya kulipwa, kama ankara za wiki moja, halafu azilinganishe mwenyewe na mfumo wa ankara za kodi wa eTIMS. Mkataba uandikwe, maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inautaka pale taarifa za wateja zinaposhughulikiwa na mtu wa nje.

Wapo watakaosema utaratibu wote huu ni mzigo kwa duka la watu wawili, na kwamba kijana mwenye ujuzi atakimbilia mwajiri asiyemchunguza. Kuhusu mzigo, wana ukweli kidogo. Ndiyo sababu ningeanza na kazi moja tu na kuziacha nyingine kwanza. Kuhusu kijana, nadhani wanakosea. Katika majukwaa ya kimataifa ya kazi jina lake hutegemea nyota na maoni ya waajiri, yaliyohifadhiwa na kampuni ya mbali, na mwajiri mmoja mwenye hasira anaweza kumfungia milango, kama mwajiri wa zamani aliyekataa kutia sahihi kipande. Mwenye duka la Karatina hana nyota za kumpa. Anaweza kumpa mkataba unaosomeka, orodha ya kazi zilizokamilika iliyokubaliwa na wote wawili kila mwezi, na barua ya sifa atakayobaki nayo hata wakiachana vibaya.