Nguvu ya Jasho, Nguvu ya Kanuni

Mwaka 1986, Yuji Horii na wenzake walipotoa Dragon Quest nchini Japani, hawakumwuliza mchezaji kama anataka gemu rahisi au ngumu. Aliyeuawa alifufuliwa mbele ya mfalme, akapoteza nusu ya dhahabu yake, ila uzoefu aliouchuma ukabaki. Hata asiye hodari aliweza kuzunguka porini, kupigana na viumbe dhaifu na kupanda levo mpaka akamweza bosi. Ugumu ulipunguzwa kwa jasho.

Magharibi walishika njia nyingine. Baldur's Gate ya 1998, iliyorithi kanuni za mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons, ilimkabidhi mchezaji rundo la sheria pamoja na nafasi ya kujichagulia kiwango cha ugumu. Huko mwenye nguvu ni anayezijua kanuni. Katika Morrowind (2002), dawa ya kuongeza akili hunywewa ili kutengeneza dawa kali zaidi, nayo hunywewa tena, hadi hakuna adui wa kukusimamisha. Wapo wanaouita huo udanganyifu. Mimi nauheshimu, kwa kuwa mchezaji huyo ameisoma dunia ile kwa makini kuliko wengi wetu.

Kinachonikera ni watengenezaji kumjibu kwa hesabu tupu. Katika kiwango cha juu kabisa cha gemu ya Skyrim, pigo lako hubaki robo, la adui huzidishwa mara tatu. Adui ni yuleyule, akili ileile. Pambano linarefuka tu. Mbinu nyingi hazifui dafu tena, na kila mtu anakimbilia zile chache zinazoua haraka. Kampuni ya Larian ya Ubelgiji ilifanya vizuri zaidi. Kiwango kigumu kilichoongezwa kwenye Baldur's Gate 3 mwishoni mwa 2023 kiliwapa mabosi mbinu mpya, kikaziba mianya ya kurundika mashambulizi, na kikaruhusu kuhifadhi mchezo mahali pamoja tu.

Elden Ring (2022) ya Hidetaka Miyazaki imebaki kwenye njia ya Horii: haina kiwango cha kuchagua, ila unaweza kuita mizimu ikusaidie au kwenda kwingine kujijenga. Lakini Dragon Quest ilikusubiri ufikirie zamu yako. Elden Ring hudai vidole vyepesi, na levo peke yake haimtoshi mwenye mkono usiotii upesi. Kwa ajili ya mchezaji huyo, viwango vya ugumu viwepo, mradi vibadilishe tabia ya adui badala ya kumnenepesha.