Grand Port 1810: Manowari nne za Uingereza zilivyoangamia Mauritius

Mapigano ya majini ya Grand Port yalipiganwa kuanzia Agosti 20 hadi 27 mwaka 1810, kusini-mashariki mwa Mauritius, kisiwa kilichoitwa wakati huo Isle de France. Kutoka hapo manowari za Ufaransa zilizinyemelea meli za Kiingereza katika njia ya India, na Uingereza ikaazimia kukitwaa. Pwani ya Afrika Mashariki nayo ilifungamana na kisiwa hicho: mwaka 1776 Mfaransa Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kununua watumwa 1,000 kila mwaka.

Katikati ya Agosti Waingereza waliiteka ngome ya Île de la Passe, inayolinda mlango wa bandari. Kikosi cha Guy-Victor Duperré kiliporejea tarehe 20, kiliona bendera ya Ufaransa ikipepea ngomeni. Ilikuwa hila. Duperré alipenya licha ya mizinga, akatia nanga ndani ya ghuba, meli zake zikiwa safu moja.

Jioni ya tarehe 23 Kapteni Samuel Pym alishambulia kwa manowari nne, katika maji ambayo manahodha wake wengi hawakuyajua. Sirius na Magicienne zilipwelea kwenye matumbawe, Iphigenia ikazuiwa na fungu, na Néréide ya Nesbit Willoughby ikabaki peke yake mbele ya adui. Meli za Kifaransa zilikatika amari zikasukumwa ufukoni, lakini mizinga yao iliendelea kunguruma usiku. Kati ya takriban watu 280 wa Néréide, zaidi ya 200 waliuawa au kujeruhiwa. Waingereza waliziteketeza wenyewe meli mbili zilizokwama; Iphigenia ilisalimu amri baada ya kikosi kingine cha Kifaransa kuwasili.

Willoughby, aliyepoteza jicho, na Duperré, aliyejeruhiwa usoni, waliuguzwa katika nyumba moja huko Mahébourg, ambayo leo ni makumbusho. Jina la Grand Port limechongwa kwenye Arc de Triomphe jijini Paris.

Ushindi huo haukudumu hata miezi minne. Mwishoni mwa Novemba wanajeshi wa Uingereza wapatao 7,000 walishuka kaskazini mwa kisiwa, na Desemba 3 Wafaransa wakasalimu amri. Wakazi waliachiwa sheria, dini na desturi zao. Kwa watumwa waliotolewa Kilwa na Msumbiji ilibadilika bendera tu; utumwa ulikomeshwa kisiwani Februari 1, 1835.